Tundu Lililozibwa na Mwanga

Aliyelelewa chini ya paa la bati kuukuu, Pemba au kwengineko, hahitaji mwalimu wa fizikia kumwambia kwamba mwanga huchora. Msumari umeacha tundu la ovyo, halina umbo, lakini sakafuni mwanga unaanguka duara kama sarafu. Duara lile ni sura ya jua, siyo ya tundu. Ibn al-Haytham alilijua hilo kiasi cha miaka elfu iliyopita, akaandika risala nzima juu ya sura ya jua lililopatwa.

Tundu moja, basi, hukuonyesha kilicho nyuma yake. Matundu mengi yaliyopangwa safu, yakiachana sawasawa, hufanya jambo jengine: hujionyesha yenyewe. Mwaka 1836 Mwingereza Henry Fox Talbot aliona kwamba mwanga ukishapita kwenye safu kama hiyo, sura ya safu huvurugika ukisogea mbali, kisha hurudi. Lord Rayleigh akaja na hesabu yake mwaka 1881. Kwa mwanga mwekundu wa leza na matundu yanayoachana milimita moja, sura hurudi baada ya mita tatu hivi, pasipo lenzi yoyote. Mwaka 2007 Mark Dennis, Nikolay Zheludev na Javier García de Abajo walionyesha kwa hesabu kwamba hata mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa metali, kwenye safu ya matundu madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, hujirudia vivyo hivyo na kukusanyika katika vidoa vikali.

Lakini kinachonikosesha usingizi mie ni hiki: ziba tundu moja katikati ya safu ndefu. Pale sura inaporudi, pengo halionekani. Mwanga wa majirani umelijaza. Ukisimama mbali utaapa kwamba safu imetimia.

Sasa tuje kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaa kupita kiasi. Maiti zilizopatikana zilikuwa kama 200. Tume ya uchunguzi baadaye ikataja wengine zaidi ya 1,300 wasiojulikana walipo. Safu za watu zilitobolewa siku ile: msikitini, sokoni, skuli.

Na safu zikajijaza. Msikitini tumefunzwa hivyo hasa: mtu akikosekana, sogea, ziba mwanya. Madawati yamepata watoto wengine, na boti zinaendelea kuvuka. Je, ni vibaya? Siwezi kusema hivyo. Jamii isiyojaza mapengo yake hufa nayo. Mama aliyefiwa lazima apikiwe na jirani, yatima lazima awe na wa kumwita baba. Huko ndiko kujazana, na ni wema mtupu.

Ubaya unaanza pale anayetazama kutoka mbali anapochukua sura iliyotimia kuwa ushahidi. Anasema, si mnaona, mambo yamekaa sawa, watu wameshasahau. Sura ya mbali haisemi uongo juu ya mpangilio. Mpangilio upo kweli. Lakini haiwezi kujibu swali la nani hayupo. Swali hilo hujibiwa karibu tu, tundu kwa tundu, jina kwa jina. Ndiyo maana naona kuhesabu waliopotea si kazi ya makarani peke yao. Ni wajibu wa kimaadili, na hauishi kwa sababu maisha yamerudi.

Tena kuna jambo ambalo hesabu ya mwanga inalisema waziwazi, nasi tunapenda kulikwepa. Mwanga ambao tundu lililozibwa lingeutoa haukuumbwa upya. Umekosekana, na ukosefu wake umetawanyika: kila doa la jirani limepungua kidogo, kidogo mno hata jicho lisitambue. Pengo halikuondoka. Limegawanywa.

Kwa hiyo mtu akikwambia kisiwa kimepona, usibishane naye. Muulize tu amepima akiwa amesimama wapi, na kama amewahi kuwauliza majirani kila mmoja amepungukiwa na nini.