"Namwachia Mungu" haifuti haki ya mfanyakazi

  

Ndugu Waislamu, kuna neno ambalo limezoeleka sana midomoni mwetu hapa mijini. Muuza duka wa Kariakoo anafukuzwa kazi hali ya kuwa anadai mishahara ya miezi mitatu, anasema: "Mimi namwachia Mungu." Dereva wa lori anaumia kazini, tajiri anamtumia hela ya panadol kisha hapokei tena simu, naye anasema: "Namwachia Mungu." Binti wa kazi anarudishwa kwao na nauli tu baada ya kutumika miaka miwili, wazazi wake wanasema maneno hayo hayo.

Kumuachia Mwenyezi Mungu ni ibada. Lakini tawakkul aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ni kumfunga ngamia kwanza, kisha ukategemea. Wengi wetu tunamuachia Mungu si kwa sababu tumemfunga ngamia, bali kwa sababu hatujui hata kamba ilipo. Na dhalimu anafurahi, kwa kuwa anajua kwamba ukishatamka neno lile hutamfuata tena.

Mkataba wa Nabii Musa (A.S.)

Tukirejea kwenye Qur'an tukufu, Surat Al-Qasas, aya ya 26 hadi ya 28, tunakuta kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mzee wa nchi ile alitaka kumuajiri. Tuangalie jinsi walivyoafikiana. Kazi ilijulikana, malipo yakatajwa, na muda ukawekwa wazi kuwa ni miaka minane. Miaka miwili ya ziada ikaachwa kwenye hiari ya Musa mwenyewe. Mwajiri akaahidi kwamba hatamtia kwenye mashaka. Naye Musa, ingawa alikuwa na shida, alitamka sharti lake kwamba akitimiza muda wowote katika hiyo miwili asidhulumiwe, kisha wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi.

Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mwajiri wake ni mtu mwema. Pamoja na wema wa pande zote mbili, hawakusema "sisi ni ndugu, tutaelewana." Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kuanza kazi kwa "njoo Jumatatu, mambo ya mshahara tutazungumza"? Wanazuoni wa fiqhi katika mlango wa ijara wameshurutisha kazi ijulikane na ujira ujulikane. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah, inahusu kuandikiana madeni. Mshahara usiolipwa ni deni.

Sheria ya nchi inasemaje?

Katiba yetu, katika ibara ya 22 na ya 23, inatambua haki ya kufanya kazi na haki ya kupata ujira wa haki. Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria mama ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Zanzibar wanayo yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005. Hapa nitataja ya Bara.

Sheria hiyo inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano ana haki ya kupumzika angalau dakika 60. Ndugu yangu unayeogopa kumuomba bosi nafasi ya kuswali Adhuhuri, jua kwamba muda huo sheria imeshakupa. Kuhusu Ijumaa, zungumza mapema mpangilie saa yako ya mapumziko iendane na swala, na mkikubaliana muandike.

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mama mzazi ana siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini, jinsia, ujauzito au ulemavu. Ni marufuku pia kumuajiri mtoto chini ya miaka 14, na hili tujiulize sote tunaoletewa mabinti kutoka vijijini.

Wengi husema: "Mimi sikupewa mkataba, nitadai nini?" Kwa hakika hapa ndipo wanapodhulumiwa zaidi kwa kutojua. Sheria imemtwika mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri naye akashindwa kuonyesha maandishi hayo, kifungu cha 15 kinamtaka yeye mwajiri athibitishe au akanushe sharti linalodaiwa. Kwa hiyo kukunyima karatasi hakumuokoi. Wewe tunza ulichonacho, ikiwa ni ujumbe wa simu, risiti za malipo, kitambulisho au daftari la mahudhurio.

Siku 30 hazisubiri

Aliyeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa apeleke lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Migogoro mingine, kama ya mshahara, ni ndani ya siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na utoe sababu ya msingi. "Nilikuwa nasubiri anihurumie" mara nyingi haitoshi.

Huko CMA huanza usuluhishi, pande mbili zinakaa na msuluhishi kutafuta maelewano. Yakishindikana ndipo huja uamuzi. Je, hii si sulhu ambayo dini yetu inaihimiza? Wapo wanaoona kumshitaki Muislamu mwenzao ni aibu. Lakini Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, amemvua aliyedhulumiwa katika lawama ya kutamka ubaya hadharani. Subira ni kutovunja mipaka ya Mwenyezi Mungu wakati unadai haki yako. Kukaa kimya ili dhalimu aendelee na mwingine siyo subira.

Fii sabilillah ya mifuko ya watu

Sasa niseme la nyumbani kwetu, japo ni chungu. Mimi ni mwalimu wa elimu ya Kiislamu na ninayajua maisha ya walimu wenzangu. Namfahamu ustadhi aliyesomesha miaka minne katika taasisi moja ya Kiislamu bila mkataba na bila kuchangiwa NSSF. Kila akidai mshahara akaambiwa: "Ustadhi, kazi hii ni fii sabilillah." Wakati huo ada za wanafunzi zinakusanywa kila muhula na jengo linaongezwa ghorofa. Siku alipougua aliambiwa nafasi yake imeshapata mtu.

Anayejitolea ni yule aliyeamua mwenyewe, kama Musa na ile miaka miwili. Uliyemuahidi ujira kisha ukamnyima hakujitolea, umemnyang'anya. Katika hadithi al-Qudsi iliyopokelewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hadithi haikubagua duka, kiwanda, shule wala msikiti. Jina la Kiislamu kwenye kibao cha taasisi halitamtetea mtu siku hiyo.

Na mfanyakazi naye

Haki ina pande mbili. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka wapimiwe kamili lakini wao wakipima wanapunja. Anayesaini saa mbili akaondoka saa tatu, anayeuza mali yake pembeni ya mali ya tajiri, huyo naye anapunja. Dai haki yako ukiwa umeitoa ya mwenzako, utakuwa na ulimi mwepesi mbele ya msuluhishi na mbele ya Mola wako.

Nini kifanyike?

Kwanza, kila mwenye mfanyakazi, hata akiwa ni mmoja jikoni, amwandikie maelezo ya kazi na ujira wake wiki hii. Pili, kamati za misikiti ziwe na mtu mmoja anayeijua sheria hii, ili aliyefukuzwa Jumatatu apate pa kuuliza kabla siku hazijamuishia. Tatu, taasisi zetu zianze na walimu wao. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na akabainisha kuwa kumnusuru dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Tajiri anayeswali safu ya mbele nasi, tumpende kiasi cha kumwambia alipe.

Ukishafanya hayo yote, ukadai kwa adabu, ukafika panapostahiki na ndani ya muda, basi hapo sema kwa moyo mkunjufu: "Namwachia Mungu." Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu.