Haki ya Jirani katika Nyumba ya Orofa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, wengi katika miji yetu, Mombasa na kwengineko, siku hizi hawanunui nyumba bali sehemu ya nyumba: makao ya orofa moja ndani ya jengo la watu kumi au ishirini. Mtu akisha kupokea ufunguo humwita mwashi, akamwambia: "Vunja ukuta huu, sebule ipate upana, na choo kihamishe upande wa pili." Akiulizwa, husema: "Ni mali yangu, nimetoa fedha." Neno hili nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iwapotezayo watu.

Tazameni aliyoyaandika Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa sulhu. Ukuta ulio shirika baina ya wawili, mmoja wao hana ruhusa kupigilia hata kigingi, wala kufungua tundu, ila kwa idhini ya mwenziwe. Kuuegemea aweza. Tena dari iliyo baina ya wa juu na wa chini hukumu yake ni kama ya ukuta ulio baina ya milki mbili. Basi ikiwa kigingi chataka idhini, je, nyundo ya kuangusha ukuta uliobeba orofa tatu? Na sheria ya Kenya ya mwaka 2020 juu ya milki za sehemu za majengo haikwenda mbali na haya: kisichokuwa ndani ya sehemu ya mtu ni cha wote kwa mafungu yao.

Na hadithi ya jahazi mwaijua, aliyoipokea Nuuman bin Bashir, naye Bukhari akaitia katika mlango wa shirika. Watu walipigiana kura, hawa wakakaa juu na hawa chini. Wa chini walipoona wawaudhi wenzao kwa kupita kuteka maji, walitaka kutoboa katika fungu lao. Angalieni: fungu ni lao kwa kura ya haki, na nia yao ni njema. Lakini bahari haiulizi nia.

Huyo ahamishaye choo akakiweka juu ya chumba cha jirani, maji yakivuja, amemharibia dari na kumtia najisi mahali pake pa kusalia. Atasema: "Nilimwuliza, akaniambia hakuna neno." Mjane mtu mzima, aliyebishiwa hodi na kijana mwenye mali, mafundi wamesimama nyuma yake, angejibu nini? Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya kuwa kitolewacho kwa haya, moyo haukuridhika, si halali kukipokea. Idhini ni kumwonyesha ramani, na neno la mjuzi wa majengo, na siku za kazi, na nani atakayelipa maji yakishuka. (Na kutoboa kuta wakati wa tarawehe, hilo halihitaji kitabu.)

Nawe uombwaye, usikatae kwa inda. Mtume s.a.w. amekataza jirani kumzuilia jirani yake kuchomeka boriti ukutani mwake. Maimamu wetu, kwa kauli iliyo mpya, hawakumlazimisha mwenye ukuta, bali wamelipendekeza.

Ama aliyekwisha kuvunja pasi na idhini, deni li juu yake. Na ashuke leo, abishe hodi, aombe kuonyeshwa dari.