Mgeni wa Kakuma na Milango Yetu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, mwishoni mwa mwaka 2025 tulisafiri baadhi yetu wa darsa hii kwenda Kakuma, kupeleka misahafu na juzuu za watoto wa chuoni. Aijuaye njia hiyo ajua urefu wake: hutoka pwani hata Nairobi, na Nairobi hata Kitale, na Kitale huteremka jangwani hata Lodwar, na kutoka Lodwar zasalia bado kama kilomita 120. Kambi ya Kakuma iliwekwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, wengi wao watoto waliokuja kwa miguu. Kisha wakaja Waethiopia, na Wasomali, na Wakongomani, na wengineo. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, leo wamo humo zaidi ya watu laki mbili na nusu. Jua la huko ni kali, mto wa Tarach aghalabu ni mchanga mtupu, na katika mwaka huo huo wa 2025 posho ya chakula ilikuwa imepunguzwa sana kwa kukatwa fedha za misaada.

Huko alitujia mama mmoja mjane, akakaa mbali kidogo kwa adabu, akasema: "Masheikh, nina suala. Mwanangu amepata kwenda kusoma Kanada. Chuo chao chafungwa siku za Krismasi, na baridi ya huko ni ya kuua. Kuna watu, mume na mke na watoto wao, Wakristo, wamemwalika akae kwao hata chuo kifunguliwe. Yeye ameniuliza mimi, nami nawauliza nyinyi. Je, yafaa?"

Mmoja wetu hakungoja amalize. Alisema: "Haifai! Mwislamu hakai katika nyumba ya sikukuu ya wasiokuwa Waislamu."

Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Haya, masheikh wangu. Lakini mwanangu huyu alisoma miaka minne katika skuli ya bweni huko kwenu pwani. Ikifika likizo wenziwe hurejea makwao. Yeye nauli ya kufika huku hana, hubaki bwenini na bawabu. Ijumaa alikuwa akiswali katika msikiti wenu. Kwa miaka minne haikutokea nyumba moja iliyomwambia: njoo ufuturu nasi. Basi ikiwa nyumba ya hao wa Kanada haifai, nitajieni nyumba ya Mwislamu ifaayo, nimwandikie aende."

Tukamuuliza ni msikiti gani. Akautaja. Ndio huu tunaosomesha sisi.

Hapo tukamkumbuka kijana mwenyewe: mrefu, mwembamba, aliyekuwa akikaa penye nguzo ya nyuma na kuondoka baada ya watu wote. Tulikuwa tukimpa mkono kila Ijumaa. Hata jina lake tulilijua. Hatukumuuliza siku moja alala wapi wala ala nini.

Twayaandika haya, ndugu zetu, kwa kuwa suala la yule mama ni masuala mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Tutayajibu yote mawili kwa mpango wake.

Ama la kwanza, kwanza yapasa tujue hao walioitoa elimu hiyo ni nani. Mpango unaowachukua vijana wa Kakuma na Dadaab kwenda vyuo vikuu vya Kanada ulianza mwaka 1978, chini ya shirika liitwalo World University Service of Canada. Sehemu kubwa ya gharama yake hutoka kwa wanafunzi wenyewe wa vyuo vile: kila mmoja huongeza kiasi kidogo juu ya ada yake, kidogo cha huyu na kidogo cha yule hukusanywa, akasomeshwa mkimbizi. Wengi wa watoaji hao si Waislamu, wala huyo wamsomeshaye hawamjui uso.

Na Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul-Mumtahana, aya ya 8, kwamba hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Ikiwa tumeruhusiwa kuwafanyia wema, vipi tutazuiwa kuupokea wema wao? Masahaba wa Mtume (s.a.w.), walipoudhiwa Makka, yeye mwenyewe aliwaelekeza Uhabeshi kwa Najashi, naye wakati huo alikuwa mfalme wa Kinasara. Jaafar bin Abi Talib alikaa katika nchi ile miaka zaidi ya kumi, hakurejea ila mwaka wa saba wa Hijra. Walikaa katika himaya ya Wakristo, wakala riziki ya nchi yao, na dini yao ikabaki dini. Jaafar aliposimama mbele ya mfalme alisema aliyoyaamini kuhusu Isa bin Mariamu bila ya kuficha na bila ya kutukana. Huyu ndiye kiigizo cha kijana wetu.

Basi jibu letu ni kwamba yafaa, kwa masharti haya.

Kwanza, aseme mapema. Kabla ya kwenda, awajulishe wenyeji wake kwa upole kwamba hali nguruwe wala hanywi pombe, na kwamba mvinyo au mafuta ya nguruwe yaliyotiwa ndani ya mchuzi au maandazi pia ni yale yale. Chakula cha Ahlul-Kitabi kimehalalishwa katika Suratul-Maida, aya ya 5. Walakini kwa kuwa nyama ya madukani siku hizi haijulikani ilivyochinjwa, salama yake ni samaki, na mayai, na mboga. Mwenye nyumba mstahifu hatachukia kuambiwa. Atakachochukia ni kupika siku nzima kisha mgeni akisukume chombo mezani.

Pili, swala. Mwezi wa Desemba mchana wa huko ni mfupi mno. Katika mji wa Edmonton jua hutoka karibu saa tatu asubuhi na huchwa kama saa kumi na robo alasiri, hata Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zikawa zafuatana kwa karibu. Asiseme "nitaswali baadaye", kwani baadaye ya huko haipo. Na kibla, ambacho kwetu pwani ni kaskazini, huko ni upande wa kaskazini mashariki. Wala asijidanganye kwamba yeye ni msafiri apunguze swala wiki mbili nzima: katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huyo ni mkaazi, na huswali kamili. Lakini dini ni nyepesi: akivaa khofu za kufunika vifundo hali ana udhu, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake mchana mmoja na usiku wake, asivue miguu katika baridi ile. Soksi nyembamba hazitoshi.

Tatu, ibada ni ibada na ujirani ni ujirani. Wakienda kanisani, abaki nyumbani, awaambie kwa heshima kwamba yeye ana ibada yake. Warudipo, akae nao mezani, aoshe vyombo, acheze na watoto, akoge theluji mlangoni kwa sepetu pamoja na mwenye nyumba. Wakimpa zawadi, apokee, Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi ya Mukaukis, mtawala wa Misri, naye hakuwa Mwislamu. Na aitafute jamaa ya Waislamu iliyo karibu, kwani hata huko haikosekani: msikiti wa Al Rashid wa Edmonton ulifunguliwa tangu mwaka 1938.

Hilo ndilo jibu la kwanza. Ama la pili, twajiuliza sisi wenyewe: kwa nini kijana yule alikosa nyumba kwetu, akaipata kwa wasiomjua?

Watakuwapo watakaosema: "Nyumba zetu zina mabinti, hatuwezi kuingiza kijana wa kando." Hoja hii ni ya kweli, na haya ya nyumba yahifadhiwe. Lakini wazee wetu wa Mombasa na Lamu hawakushindwa nayo. Walijenga daka nje na sabule ndani ya mlango, mgeni akalala na kula pasi na kuona cha ndani. Sabule tumezigeuza maduka, kisha twasema hatuna pa kuweka mgeni.

Wengine watasema: "Hali ni ngumu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Basi wakumbuke Saad bin Rabii wa Madina, aliyemwambia Abdurahman bin Auf, aliyefika kutoka Makka hana kitu, kwamba atamgawia nusu ya mali yake. Abdurahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni tu. Tazameni: aliyefunguliwa mlango wote hakuchukua ila njia ya soko. Mgeni mwenye heshima halemei. Naye msafiri aliyekatikiwa na njia ametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, Suratut-Tawba, aya ya 60. Haki hiyo si ihsani yetu, ni deni letu.

Na tukimkaribisha, tumkaribishe kama mwana. Asiwe ndiye wa kutumwa maji na kufagia ua huku watoto wetu wamelala. Asiitwe "mkimbizi" mbele ya wageni wengine. Mkimbizi hatoki kambini bila ya hati ya ruhusa. Basi mwenyeji amsaidie kuiangalia tarehe yake isipite, asije akakamatwa njiani.

Yule mama tulimpa jibu la mwanawe, na mwenzetu aliyeharakisha kusema "haifai" ndiye aliyesimama kumwomba radhi kwa niaba yetu sote. Alisema: "Mimi nimesamehe. Lakini wako wengine wanaosoma kwenu sasa."

Tumerudi, tumeuliza, nao kweli wako. Basi kila mwenye nafasi, hata iwe ya mkeka mmoja na sahani moja, ampe imamu wa msikiti wake jina lake kabla ya skuli kufungwa. Sisi tulioandika haya majina yetu yamekwisha kuandikwa, na hilo si sifa. Ni kulipa tulichochelewa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, awahifadhi vijana wetu popote walipo, na awalipe kheri na kuwaongoza wote waliowafungulia milango. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.