Msamaria Aliyepewa Kinga

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano yenye kifungu kifupi, cha 230, ambacho biashara ya mitandao ya kijamii imejengwa juu yake hadi leo. Sehemu yake kuu ilipewa kichwa kinachomtaja Msamaria Mwema, yule wa mfano alioutoa Yesu katika Injili ya Luka. Ni nadra sheria ya biashara kujivika jina la kidini waziwazi namna hiyo, na jina hilo linastahili kupimwa kwa uzito wake wote.

Watunga sheria hawakulichagua bila sababu. Mwaka 1991 kampuni ya CompuServe, ambayo haikukagua maandishi yaliyopita kwake, ilishinda kesi ya kashfa huko New York. Mwaka 1995 kampuni ya Prodigy, iliyojinadi kwamba inaondoa machafu ili familia zisikwazike, ilishindwa katika kesi ya aina hiyo hiyo: kwa kuwa inakagua, basi iwajibike kama mchapishaji. Aliyefumba macho alisalimika, aliyejaribu kusafisha akaadhibiwa. Kifungu cha 230 kilikuja kunyoosha upogo huo. Kampuni inayoondoa maudhui kwa nia njema isiadhibiwe kwa kuyaondoa, na isihesabiwe kuwa ndiyo iliyoyanena maneno ya watu wengine. Kampuni zikaachiwa zijidhibiti zenyewe.

Katika mfano wa Luka, kuhani alimwona majeruhi akapita kando, na Mlawi vivyo hivyo. Msamaria naye alimwona, akaamua kusimama, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, kisha akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi kulipa gharama itakayozidi. Kuona, kuamua na kubeba gharama vilikutana ndani ya mtu mmoja.

Sheria iliyochukua jina lake ilimkinga pia anayepita kando. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Kenneth Zeran dhidi ya America Online. Mtu asiyejulikana alikuwa ametangaza mtandaoni fulana zenye kejeli juu ya mlipuko wa Oklahoma City, akaweka namba ya simu ya Zeran, na simu za vitisho zikammiminikia. Zeran aliiarifu kampuni. Mahakama ikasema kinga inabaki hata baada ya kampuni kuarifiwa.

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapochomoza. Mtu anapouzuia ulimi wake, anayeuona ubaya wa neno, anayeamua kulimeza na ambaye angeaibika kwa kulitoa ni nafsi moja. Kampuni haina nafsi ya namna hiyo. Ndani yake kazi ya dhamiri imegawiwa watu wasiokutana.

Waonao walikuwa Nairobi. Kuanzia mwaka 2019, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na kampuni ya Sama kukagua maudhui ya Facebook: mauaji, ubakaji, mateso ya watoto, zamu baada ya zamu. Kanuni za nini kibaki na nini kiondoke ziliandikwa na mwenye mtandao, mbali na meza zao. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi jijini humo, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakaenda mahakamani pia. Ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mwaka 2024 zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe.

Na walioumia walikuwa kwingine kabisa. Oktoba 2021 Profesa Meareg Amare, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, Mtigray kwa kabila, alichafuliwa jina kwenye Facebook wakati vita vya Tigray vikiendelea, na mahali anapoishi pakatajwa. Mwanawe anasema aliitaarifu kampuni mara kadhaa. Tarehe 3 Novemba profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa. Kwa maelezo ya mwanawe, jibu la kampuni lilifika baada ya baba yake kuuawa.

John Stuart Mill, mtetezi mkubwa wa uhuru wa kusema, aliandika mwaka 1859 kwamba kudai gazetini kuwa wauza nafaka wanawanyima maskini chakula kusiguswe, lakini madai yale yale yakitamkwa mbele ya umati wenye hasira mlangoni kwa muuza nafaka yanaweza kuadhibiwa. Mill aliuchukulia umati kuwa umekwisha kusanyika. Mtandao unaopanga nani aone nini unaukusanya wenyewe, na ukitajwa mtaa wa mtu, unauonyesha mlango.

Kukabidhi rungu kwa serikali peke yake hakuponyi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka hata wanablogu wawe na leseni ya ada ya takriban shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums likalazimika kusimama kwa muda. Waliobanwa ni wasemaji. Waliotukanwa hawakupata mlinzi. Mtumiaji naye ana wajibu wake: Sura ya Al-Hujurat inawaamrisha waumini wahakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Lakini hadhari ya msomaji mmoja haiwezi kushindana na mashine inayosambaza chuki kwa maelfu kabla hajamaliza kusoma.

Ndiyo maana kesi za Nairobi zina uzito kupita fidia. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo katika kesi za wakaguzi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaikataa katika shauri lililofunguliwa Nairobi na mwana wa Profesa Meareg na wenzake. Walalamikaji wa shauri hilo wanataka mashine ibadilishwe isikuze chuki, wakaguzi wa kutosha wanaojua lugha za Afrika waajiriwe, na mfuko wa shilingi bilioni 200 za Kenya uundwe kwa ajili ya waathirika. Madai hayo ni ya haki. Anayeamua anapaswa kukaa mbele ya hakimu mmoja na aliyeona na aliyefiwa, aeleze kwa nini taarifa ya mtoto anayehofia maisha ya baba yake haikujibiwa kwa wakati, na alipe.