Msomee Mwenyeji Ulichomwandikia

Watu wa rika langu hapa Pasiansi, Mwanza, bado wanaikumbuka Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper wa Austria iliyotoka mwaka 2004. Aliipigia hapa hapa Mwanza: ndege za mizigo zikibeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, makahaba, watoto wa mitaani, mapanki yenye funza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani.

Sisemi mgeni yule alizua. Mapanki yalikuwepo na dhiki ilikuwepo. Ila panki lenyewe, kichwa na mifupa inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, mama alilianika kwenye chanja, akalikaanga, akaliuza, na mtoto akapata daftari. Aliyetazama akiwa Paris aliondoka na funza, daftari hakulijua. Na Sauper si mgeni wa kwanza kututazama hivyo. John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858, akakaa siku chache tu, akalipa ziwa zima jina la malkia wake kabla hajalizunguka.

Basi ungetegemea sisi tuliosimuliwa hivyo tuwe na ulimi wa adabu. Wapi! Fungua Safari za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, uone wasafiri wetu wa pwani walivyowaita watu wa bara washenzi, huku wakila chakula chao na kunywa maji yao. Na leo kijana wa Mwanza akifika Gamboshi, kijiji cha kule Bariadi kinachovumishiwa uchawi, anaulizia wachawi kabla ya kuulizia bei ya pamba. Akipata mzee mwenye macho mekundu, anampiga picha, anairusha ati ni mchawi, anacheka. Mzee wa watu macho ni ya moshi wa jikoni.

Mwanangu, ukienda ugenini, mwamkie mwenye mji kabla hujatoa simu. Lala hata usiku mmoja. Uliza watu wanalima nini, watoto wanasoma wapi, nani amefiwa. Mlevi mmoja uliyemkuta kilabuni usimfanye kijiji kizima. Hata Pasiansi tunao. Ubaya ukiuona, useme, wala usiufunike kwa kuogopa kuitwa mbaya, lakini taja na anayepambana nao.

Na kabla ya kurusha, msomee mwenyeji ulichomwandikia, kwa lugha anayoielewa, yeye akiwa amekaa mbele yako. Ukiona haya kumsomea, futa.