Chumvi Haikuwa Mchuzini

Kijana mmoja wa Mpendae alikiingia Kihispania kwa mlango wa Kiitaliano. Unguja njia hiyo si ngeni. Tangu Waitaliano walipojaa mahotelini Kiwengwa, vijana wengi wa pwani waliishika lugha yao mchangani, kwa kusikia tu, kabla ya kujua kuiandika. Mwenye kuijua hiyo akikutana na Wahispania hapati tabu sana, maana lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu. Huyu wetu alikuwa mwepesi wa kushika. Aliona meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino, maneno ambayo Wareno, majirani wa Wahispania, walituachia pwani hii zamani, akajiona kama yuko kwao. Jina lake tuliwache. Kisa hiki ni cha kufundishia, na wa mfano wake ni wengi.

Alipata kazi katika nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, na wafanyakazi wote walimwita Maalim. Wakala aliyekuwa akiwaleta wageni alikuwa Ulaya, na sharti lake lilikuwa moja: barua ya mgeni yeyote, ikiwa ya sifa au ya lawama, imfikie kwa Kiingereza. Basi asubuhi kijana anapanda dala dala kwenda mjini, mchana anapokea mizigo na kuonyesha vyumba, jioni anakaa na barua.

Siku hiyo ilikuja barua ya mama mmoja wa Cádiz, mji wa pwani kusini mwa Hispania, ambako chumvi huanikwa juani tangu enzi na enzi. Alikuwa amekaa wiki nzima yeye, mumewe na binti yao. Aliishukuru nyumba, akaita siku zile una semana entrañable. Hapo kijana akakwama. Neno hilo hakuwahi kulisikia. Alilitafuta, akauliza watu, akagundua kwamba mzizi wake ni matumbo, yale ya ndani kabisa, na kwamba Mhispania akisema hivyo anakusudia jambo lililomgusa hadi huko. Akatafuta Kiingereza cha kulingana nalo, akakipata, na kilikuwa sahihi. Mtu angeisoma sentensi hiyo peke yake angesema kijana huyu ni mfasiri.

Chini yake kulikuwa na sentensi mbili nyepesi. Ya kwanza: El cocinero es muy salado y nos hacía reír cada mañana. Ya pili: El chófer es muy fresco; mi hija acabó prefiriendo ir a pie. Kwa hizi hakumuuliza mtu. Salado ni chumvi, nani asiyejua? Fresco ameisikia kila siku kwa wauza samaki na wauza juisi. Akaandika kwamba mpishi ni salty sana na aliwachekesha kila asubuhi. Dereva ni cool sana, na binti aliishia kupenda kwenda kwa miguu. Akalijaribu neno salado kwenye simu, simu nayo ikamuunga mkono. Barua ikaenda.

Nakala ilibaki kwa Maalim. Kesho yake akaingia jikoni na karatasi mkononi, akachukua upawa, akaonja mchuzi wa changu uliokuwa motoni. Akanyamaza. Akaonja tena.

“Sheikh wangu, mgeni analalamikia chumvi.”

“Chumvi ipi, Maalim? Si umeonja mwenyewe?”

“Nimeonja. Lakini imeandikwa.”

Neno hilo la “imeandikwa” limeshaangusha watu wengi kuliko mpishi huyu. Ulimi wa Maalim ulikuwa shahidi, na ulimi ukashindwa na karatasi. Tena wakala huko Ulaya aliisoma sentensi ile kwa namna yake, kwa sababu katika Kiingereza cha vijana wa leo mtu akiitwa salty huwa ni mwenye kinyongo, wa kununanuna. Akaandika kwamba mtu wa tabia hiyo asikae mahali pa kuonana na wageni. Neno moja likawa limezaa mashtaka mawili, na yule mama hakuwa ameleta hata moja. Mpishi alihamishiwa kuosha vyombo, mshahara ukapunguzwa, na haikuchukua muda akavua aproni akaondoka. Dereva naye, kwa kuwa wageni wamemsifu, akapewa safari zote za familia: mashamba ya viungo Kizimbani, kima punju wa Jozani, kote huko.

Sasa tuitazame barua yenyewe. Nchini Hispania, na hasa upande wa kusini alikotoka yule mama, mtu mwenye chumvi ni mcheshi, mwenye maneno ya kuchangamsha baraza. Hiyo si lugha ya mtaani tu. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Kihispania, chombo kilichoanzishwa mwaka 1713, inaitaja maana hiyo. Ila imekaa chini, baada ya ile ya chakula, na msomaji mwenye haraka hafiki huko. Ukivuka bahari ukaenda Kolombia au Meksiko, mtu huyo huyo wa chumvi amegeuka kuwa mwenye nuksi, kila analoligusa linaharibika. Na sisi tuna chumvi zetu: anayetia chumvi anaongeza uongo kwenye habari, na aliyekula chumvi nyingi ni mtu wa umri mkubwa. Kwa hiyo kijana wa Kiswahili alikuwa na sababu zaidi ya Mwingereza ya kushtuka alipoona chumvi imepakwa mtu badala ya mchuzi. Hakushtuka.

Fresco ni mbaya zaidi. Kwa samaki, ni aliyevuliwa leo. Kwa upepo, ni ubaridi wa kupendeza. Kwa mtu, mara nyingi ni asiye na haya, anayejitanulia mipaka. Sisi mtu huyo tunamwita mkavu wa macho. Wahispania wamemweka kwenye ubaridi na ubichi, sisi tumemweka kwenye ukavu, na kila mmoja anamfahamu barabara. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba kijana angetumia fresh, Kiingereza cha sokoni kabisa, asingekosea sana, kwani neno hilo nalo, hasa kwa Wamarekani, huweza kumaanisha mwanamume anayemzoea mwanamke bila ruhusa. Aliliwacha kwa kuona ni la samaki, akachagua la kisasa.

Na taa ilikuwa imewashwa mbele yake. Kihispania kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja: ser, cha kusema mtu au kitu ni nini kwa asili yake, na estar, cha kusema kikoje kwa sasa. Está salado ni mchuzi uliozidi chumvi. Es salado ni mtu na tabia yake. Es listo ni mwenye akili, está listo yuko tayari. Es vivo ni mjanja, está vivo yu hai. Mswahili hahitaji kufundishwa sana jambo hili. “Ni mtu mzima” na “yu mzima” tunazitofautisha tangu utotoni, na hakuna anayejibiwa “mzima” asubuhi akadhani ameelezwa umri wa mtu. Barua ilisema es. Zaidi ya hayo, ilisema mpishi aliwachekesha, na ilikuwa katikati ya shukrani. Lalamiko la chumvi lilifuata nini hapo? Na binti wa wageni, aliyekodiwa gari, jua la Unguja kichwani, alipenda kutembea kwa sababu gani?

Maswali hayo hayaji kwa mtu anayedhani amefahamu. Entrañable ilimtia ugeni, na ugeni ukamfanya aulize. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha Kiswahili cha hapa mwaka 1870, alikuwa na faida hiyo ya ugeni; hata kivumishi kidogo kama -kali huwa mlima kwa mgeni, maana kisu ni kikali, siki ni kali, jua ni kali, na mwalimu ni mkali. Sisi tunapita juu ya neno hilo kama tunavyopita juu ya kizingiti cha nyumba yetu, ndiyo maana mtafsiri wa Kiswahili huweza kuteleza kwenye “mama ni mzito” akaandika habari za kilo.

Mahali pengine gharama imekuwa kubwa kuliko aproni. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali hajitambui. Jamaa zake, watu wa asili ya Kuba, walisema yu intoxicado. Kwao neno hilo ni la mtu aliyedhuriwa na alichokula au kunywa. Walidhani chakula kimemharibu. Madaktari walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, intoxicated, la mtu aliyelewa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe alikuwa akivuja damu kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa takriban dola milioni 71. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu pande zote mbili ziliona zimeelewana.

Huku kwetu kisa kiligundulika barazani. Dada mmoja wa mtaani, aliyefanya kazi Valencia, alikuja Mpendae kwa Sikukuu. Baada ya Isha, kahawa ikipita na kashata, kijana akamwonyesha barua kwenye simu ili asifiwe. Dada akasoma, akacheka.

“Kumbe mpishi wenu mcheshi hivi!”

“Mcheshi wapi, dada? Alikuwa akizidisha chumvi.”

Dada akamtazama, asimjibu, akarudi kusoma. Alipofika kwa dereva hakucheka tena.

“Na huyu bado yupo kazini?”

“Yupo. Kapandishwa.”

“Mdogo wangu, mama huyu anasema dereva hana haya. Mpaka binti yake kaona bora atembee kwa miguu kuliko kukaa garini na yeye. Nyinyi mmempandisha?”

Kijana hakulala vizuri. Kulipokucha alikwenda kwa Maalim kabla ya wafanyakazi wengine, akaeleza yote, la mpishi kwanza na la dereva baadaye, ingawa alijua utaratibu ulipaswa kuwa kinyume. Maalim hakumgombeza. Aliomba daftari la safari, wakakaa wawili kupitia majina ya familia zote zilizopanda gari lile tangu siku ya barua, na ilibidi waandikiwe mmoja mmoja, kwa adabu, kuulizwa kama kuna lililowasibu. Dereva aliondolewa siku hiyo. Wakala akaandikiwa, na barua hiyo dada wa Valencia aliipitia kwanza.

Lililobaki ni mpishi. Wakati huo alikuwa akichoma mishikaki Forodhani usiku, na watu walikuwa wakisimama mbele ya meza yake kwa maneno yake kama kwa nyama. Kijana alimkuta hapo, akasubiri wateja wapungue, akamweleza. Mzee alisikiliza huku akigeuza mishikaki, akampa mmoja.

“Ami, Maalim anataka kukuandikia akuombe radhi, urudi.”

“Aandike,” alisema mpishi. “Ila aandike kwa Kiswahili, na wewe asikupe uitarjumu.”