Picha Niliyoifuta

Filamu ilikuwa ianze saa mbili usiku na banda la video lilikuwa bado limefungwa. Kwetu ni Masasi. Newala nilikuja kumsalimia mjomba, na zaidi ya stendi na soko sikuujua mji. Nikatembea tu, hadi ukingoni mwa uwanda, upande wa Shimo la Mungu, ambako ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako. Karibu na hapo nikaona jengo kuukuu la kuta nene. Jua lilikuwa linazama. Mzee mmoja alikuwa amekaa mbele yake, mkongojo mapajani. Nikatoa simu, nikapiga.

"Mjukuu, mbona hukuniomba?"

"Shikamoo babu. Samahani, nilikuwa napiga jengo."

"Marahaba. Na mimi ni tofali?"

Akaniambia ni boma la Wajerumani. Nikaona aibu, kisha nikamkumbuka Karl Weule.

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya wapiganaji wa Majimaji kuishambulia misheni ya Masasi, Mjerumani huyu wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Alikusanya ngoma, nyimbo na nyuso. Bila yeye nisingeziona kabisa, na siwezi kujifanya sikufurahi. Kwenye slaidi za pendekezo langu la tasnifu nimeweka picha ya zamani ya mwanamke mwenye ndonya. Chini yake pana kabila, hapana jina.

Huwa tunasema darasani kwamba labda waliopigwa picha walikubali. Labda. Lakini mgeni anayekuja chini ya bendera ya serikali iliyotoka kuzima vita kwa bunduki na njaa, nani angemwambia hapana? Na kama hapana haikuwezekana, ile ndiyo yao ilikuwa na uzito gani? Mimi sina bunduki. Nina simu, na haraka ya kuwahi filamu. Ila matokeo kwa mzee yule yalikuwa yaleyale: uso wake ulikuwa mfukoni mwangu kabla hajajua.

"Ungeniomba ningekubali," alisema.

Nilitaka kumuuliza, basi kuna tofauti gani? Nikanyamaza. Nikafuta picha mbele yake, nikamwonyesha kioo. Kisha nikamwomba, kwa heshima zote, nimpige upya.

Akanitazama, akatabasamu.

"Leo hapana."

Nikacheka, ingawa iliniuma kidogo. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Nikamuaga. Nilipofika bandani filamu ilikuwa imeshaanza, nikakaa nyuma, na kwa muda mrefu sikuifuata. Nilikuwa nawaza ile slaidi, na yule mama ambaye siwezi tena kumuuliza.